Ukimuuliza Mfanyakazi, Umekopa

Hotuba hii niliitoa hapa Tororo, Uganda, mbele ya wenye viwanda, maghala, shule na kampuni za uchukuzi wa mizigo, pamoja na masupavaiza wao. Naiweka nzima kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo wakashindwa kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, mameneja na masupavaiza, nanyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango: hamjambo? Habari za kazi?

(Ukumbi mzima ukajibu: "Nzuri!")

Asanteni. Sasa ngojeni kidogo. Nimewauliza habari za kazi, nanyi mmejibu "nzuri" kwa sauti moja. Lakini asubuhi nilikuwa nanyi pale nje kwenye chai. Nilimsikia ndugu mmoja akilalamika kwamba lori lake limekaa mpakani Malaba siku nne. Nilimsikia dada mmoja akisema hesabu za stoo zimemnyima usingizi tangu mwezi uanze. Nilimsikia na mwingine, simtaji, akiulizia nafasi ya kazi kwa mwenzake. Hiyo nzuri iko wapi?

Hamkunidanganya. Mmenijibu kwa adabu. Kiswahili chetu kimetulea hivyo: habari huwa nzuri kwanza. Hata aliyefiwa, ukimuuliza habari, hukujibu "nzuri", akashusha pumzi, kisha akasema "ila..." Ukweli wetu unakaa nyuma ya hiyo "ila". Asiyengoja hausikii.

Nimeitwa kuzungumza kuhusu kupima furaha ya wafanyakazi kwa kuwauliza maswali mara kwa mara. Ni jambo jema na ninaliamini kwa moyo wote. Lakini nimeona karatasi nyingi za maswali zikipita katika sehemu zetu za kazi, zikachukua ile "nzuri" ya kwanza, zikaipeleka kwenye ripoti, zikaenda zao. Hazikungoja "ila".

Naijua kazi hiyo mbaya kwa sababu niliifanya kwa mikono yangu.

Nilianza kazi kama mpakiaji, nikishona midomo ya magunia. Baada ya miaka kadhaa nikapandishwa, nikapelekwa ofisi ya utumishi. Kampuni siitaji. Mwaka wangu wa kwanza ofisini, makao makuu yalituma fomu ya kupima kuridhika kwa wafanyakazi. Kurasa sita, zote Kiingereza. Wa kuzijaza walikuwa watu wa magunia, wengi wao waliacha shule darasa la tano. Supavaiza akawakusanya kwenye kantini, akasimama mbele, akawa anasoma swali moja moja na kulifasiri kadiri alivyojaliwa, mara Kiswahili, mara Kidhopadhola, mara Kiteso. Kila akimaliza kufasiri anaongeza: "Hapa wekeni tano." Na juu ya kila fomu kulikuwa na nafasi ya kuandika namba yako ya kazi.

Nani angeweka mbili? Ninyi mngeweka mbili?

Mimi nikazikusanya, nikajumlisha, nikaandika ripoti nzuri. Watu wetu wana furaha, niliandika. Meneja mkuu akanisifu mbele ya kikao. Mwezi haukuisha, zamu ya usiku ikakataa kuingia getini. Walikaa chini, kimya, magunia yao ya kukalia wamekuja nayo. Walikuwa wanadai ovataimu ya miezi mitatu. Niliposhuka kwenda kuzungumza nao, mama mmoja niliyewahi kushona naye magunia bega kwa bega aliniangalia, akasema: "Wewe mwenzetu, uliyetoka huku huku. Kweli ulituuliza?"

Sikuwa na jibu. Karatasi ilionyesha nimeuliza, na kila mtu pale getini alijua sikuuliza. Yote ninayowaambia leo yametoka kwenye swali la yule mama.

Ndugu zangu, jambo hili lina historia ndefu, na wenzetu wa mbali waliligonga kabla yetu. Nje kidogo ya mji wa Chicago, Marekani, kulikuwa na kiwanda kikubwa kiitwacho Hawthorne, cha kampuni ya Western Electric, kilichotengeneza vifaa vya simu. Mwaka 1924 walianza kujaribu taa: je, mwanga ukiongezwa, kazi itaongezeka? Majibu yakawachanganya. Kuna wakati kazi ilipanda mwanga ulipoongezwa, na kuna wakati ilipanda hata mwanga ulipopunguzwa. Wataalamu wanabishana juu ya taa zile mpaka leo, nami sitaki kuwachosha nazo. Ninachokipenda mimi ni kilichofuata. Kuanzia 1928, kiwanda kile kiliamua kuwahoji wafanyakazi mmoja mmoja. Kufikia 1930 walikuwa wamehoji zaidi ya watu 20,000.

Sikilizeni walichokigundua. Mwanzoni wahojaji walikwenda na orodha ya maswali: mwanga ukoje, usalama ukoje, msimamizi wako yukoje. Lakini watu wakawa wanatoka nje ya orodha. Unamuuliza juu ya mashine, yeye anakueleza juu ya mtoto wake anayeumwa. Unamuuliza juu ya msimamizi, anakueleza jambo la miaka mitano iliyopita lisilomtoka rohoni. Basi wakaiweka orodha pembeni. Wakamwacha mtu aseme lililomkaa moyoni, wao wakasikiliza. Mazungumzo yakawa marefu zaidi, na hapo ndipo walipoanza kujua kiwanda chao.

Walingoja "ila", ndugu zangu. Wazungu wa Chicago, kwa Kiingereza chao, walifika palepale ambapo bibi zetu wanafika kila asubuhi wakisalimiana kisimani.

Mtaniuliza, dada, sisi tuna muda wa kukaa na kila mtu saa nzima? Nina vibarua mia mbili na malori yanangoja mizani. Najua, muda huo hatuna. Ndiyo maana tunahitaji maswali mafupi yanayorudi rudi. Lakini swali fupi ni gumu kuliko refu, kwa sababu neno moja likikosewa, umepoteza lote.

Chukueni hilo neno "furaha". Nimewahi kutumia fomu iliyouliza: "Je, una furaha kazini?" Mzee mmoja wa mizani aliitazama, akanirudishia, akaniambia: "Mwanangu, furaha ni ya harusi. Hapa nimekuja kutafuta ada ya shule." Nikaibadilisha, nikaandika: "Je, umeridhika na kazi yako?" Wakajibu ndiyo, wengi sana. Nilipokaa nao chini ya mwembe nikagundua kwamba kwa wengi kuridhika ni kulikubali lililopo, kumshukuru Mungu na kunyamaza. Mtu anaweza kuridhika na nyumba inayovuja kwa sababu hana nyingine. Hilo silo tulilotaka kupima!

Basi wenyewe wanasemaje, wakiwa peke yao? Nilitega sikio. Wanasema "roho imetulia". Wanasema "pale nina amani". Kinyume chake wanasema "pale nakwenda tu". Umesikia? "Nakwenda tu." Hayo ndiyo maneno ya kuweka kwenye swali. "Wiki hizi mbili, ulikuwa na amani kazini, au ulikuwa unakwenda tu?" Hapo mtu anacheka kidogo, kisha anafikiri, kisha anakujibu kweli.

Na zaidi ya maneno, uliza jambo analoweza kuliona kwa macho. Kampuni ya Gallup ya Marekani, ambayo kazi yake ni kukusanya maoni, ina maswali 12 yanayotumika sana duniani. La kwanza linauliza kama mtu anajua anachotarajiwa kufanya kazini. La pili linauliza kama ana vifaa anavyohitaji ili afanye kazi yake sawasawa. Yote mawili hayana neno furaha ndani yake. Lakini mpeni mtu glavu zisizotoboka, mwambieni vizuri mnachokitaka kwake, halafu mtazameni usoni jioni anapotoka.

Kuna swali lingine lililokuja na mtindo wa kisasa, nataka niwatahadharishe nalo. Limetokana na kipimo cha wateja alichokitangaza Fred Reichheld mwaka 2003: kutoka sifuri mpaka kumi, ungempendekezea rafiki yako kampuni hii? Kwa wafanyakazi wanauliza: ungempendekezea rafiki aje kufanya kazi hapa? Anayetoa tisa au kumi anahesabiwa yuko nanyi. Anayetoa sifuri mpaka sita anahesabiwa yuko kinyume nanyi. Ni kipimo chepesi, na makampuni mengi wanakipenda.

Lakini hebu tukilete hapa kwetu. Nani kati yetu hajawahi kumleta mdogo wake, au mtoto wa dada yake, mahali ambapo yeye mwenyewe anapachukia? Kazi ni adimu. Kijana amemaliza shule, amekaa nyumbani, mama yake anakupigia simu kila Jumapili. Utamleta. Utamleta hata kama supavaiza anatukana, kwa sababu njaa inatukana zaidi. Kwa hiyo huyo aliyetoa kumi huenda anakuambia habari za nyumbani kwao, si habari za kampuni yako. Kama ni lazima mlitumie swali hilo, ongezeni la pili chini yake: "Akija, utamwonya juu ya nini?" Jibu la maana liko hapo.

Sasa nije kwenye kuuliza mara kwa mara, kwa sababu ndiko nilikoona faida kubwa kuliko kote.

Mkulima gani wa Tororo hupima mvua siku moja tu ya mwaka, akasema sasa najua mvua ya shamba langu? Hakuna. Lakini sisi tunawauliza watu Desemba, wiki ya kabla ya Krismasi, bahasha zikiwa zimetoka na soda ikiwa mezani, halafu tunasema tunajua mwaka wao ulikuwaje.

Niliwahi kusaidia ghala moja la kahawa upande wa Mbale. Wafanyakazi walikuwa akina mama wa kuchambua kahawa, wakiingia zamu ya mchana na ya usiku. Wengi hawasomi. Simu wapo waliokuwa nazo, lakini wengine walitumia moja na mume au na mwanawe, na ujumbe wa simu una namba yako, siri iko wapi? Tukaacha simu. Tukachukua makopo matatu ya rangi, tukayaosha, tukachora nyuso: uso unaocheka, uso wa kawaida, uso uliokunjamana. Nyuso hizo si ubunifu wangu. Theodore Kunin wa Marekani alitengeneza kipimo cha nyuso mwaka 1955, ili mtu aonyeshe hali yake kazini bila kuhangaika na maneno. Kabla yake, mwaka 1932, Rensis Likert alikuwa ameonyesha namna ya kupima maoni ya watu kwa ngazi tano, ile "nakubali sana" mpaka "sikubali kabisa" ambayo imejaa kwenye fomu zetu. Ngazi za Likert zinahitaji msomaji. Nyuso za Kunin zinahitaji macho tu.

Makopo tuliyaweka nyuma ya mlango wa stoo. Kila Ijumaa ya pili, kila mama alipewa punje moja ya mahindi, akaingia peke yake, akaitia kwenye kopo analotaka, akatoka. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna kalamu. Supavaiza haruhusiwi kukaribia mlango. Na tulihesabu palepale, mbele ya wote, kwenye meza ya kuchambulia.

Mara ya kwanza, punje karibu zote ziliingia kwenye uso unaocheka. Nzuri! Mara ya pili vilevile. Nzuri! Meneja akaniambia, unaona, watu wangu wako sawa. Nikamwomba tungoje. Mara ya tatu, walipoona kwamba hakuna aliyeitwa ofisini, hakuna aliyenuniwa, kopo la uso uliokunjamana likaanza kupata punje. Mara ya nne zikaongezeka. Ya tano zikapungua. Ya sita zikajaa tena.

Hapo ndipo pana utamu wa kupima mara kwa mara. Ungepima mara moja, ungepata namba moja na usijue la kufanya nayo. Sisi tulikuwa na namba zinazopanda na kushuka, na kinachopanda na kushuka kina kinachokivuta. Meneja alidhani ni uzito wa kazi, kwamba wiki zenye malori mengi watu wanachoka. Tukaangalia daftari la malori. Wapi! Kulikuwa na wiki za malori mengi ambazo akina mama walitia punje kwenye uso unaocheka. Basi tukawauliza swali moja tu, kwa mdomo, tukiwa tumekaa nao juu ya magunia: hizi wiki mbaya zina nini?

Wakatazamana. Mmoja akasema: "Ratiba."

Ratiba ya zamu. Supavaiza alikuwa anaibandika ukutani wakati wowote anapopata nafasi. Wiki nyingine Alhamisi. Wiki nyingine Jumapili jioni, ya kuanza Jumatatu. Fikiria wewe ni mama una watoto wanne, mdogo ananyonya. Jumapili saa kumi na mbili jioni mtu anakuletea habari kwamba kesho usiku uko kazini. Nani atalala na watoto? Jirani umemwambia saa ngapi? Nauli ya boda boda ya usiku umeiweka wapi? Wale akina mama hawakuwa wanakataa usiku. Walikuwa wanataka kujua mapema!

Meneja akaagiza ratiba ibandikwe kila Alhamisi kabla ya chakula cha mchana. Haikumgharimu hata shilingi. Baada ya duru mbili, kopo la uso uliokunjamana likawa na punje za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na nawaambieni, supavaiza yule hakuwa mtu mbaya. Hakujua. Miaka yote aliyokaa pale, kila asubuhi aliwauliza habari, nao wakamjibu nzuri.

Sasa mtataka kujua: tuulize mara ngapi? Kila wiki? Kila mwezi? Jibu langu huwashangaza watu. Uliza kwa kadiri ya uwezo wako wa kulipa.

Kwa nini nasema kulipa? Kwa sababu ukiuliza, umekopa. Wengi wenu hapa ni wanachama wa SACCO, vile vyama vya akiba na mikopo, mnalijua deni. Mtu amekupa ukweli wake. Ameutoa mfukoni, akaogopa, akakupa. Hiyo si zawadi, ni mkopo, na ana haki ya kuona marejesho. Ukiuliza, umekopa. Ukiuliza tena kabla hujalipa, umekopa juu ya deni. Ukiuliza mara ya tatu, nani atakukopesha?

Nilishuhudia hilo mahali pengine, nako sitapataja. Tuliuliza mwezi wa tatu. Watu wakajaza kadi kwa wingi, wakataja mambo matatu: posho, yaani ugali, ya mchana ina fukusi, choo cha upande wa mashine hakina mlango, na mshahara haujaongezwa muda mrefu. Nikapeleka juu. Juu wakasema watatazama. Mwezi wa sita ukafika, ratiba ya kuuliza ikasema ulizeni. Tukauliza. Kadi zikarudi tupu. Rundo zima, tupu. Nilikuwa nazigeuza moja moja, nikakuta moja imeandikwa kwa penseli, neno moja:

"Mlishatuuliza."

Niliichukua kadi ile, nikaenda nayo kwa meneja mkuu, nikaiweka juu ya meza yake bila kusema kitu. Aliitazama muda mrefu. Namheshimu kwa alichokifanya. Siku ya pili alikwenda kantini wakati wa chakula, akapakua sahani ya posho na maharage kama wao, akala mbele yao, fukusi na yote. Kisha akasimama. Akasema: mlituambia mambo matatu. Posho, kuanzia Jumatatu tunabadilisha anayetuletea unga. Mlango wa choo, fundi yuko nje sasa hivi, msikilizeni anagonga. Mshahara, mwaka huu siwezi, na nitawaambia kwa nini. Akawaeleza mkopo wa mashine mpya, kiasi gani, unaisha lini. Walinung'unika. Kuna waliotoka nje. Lakini mwezi wa tisa tulipouliza tena, kadi zilijaa maandishi mpaka pembezoni.

Mmeelewa, ndugu zangu? Alilipa mawili kwa "ndiyo" na moja kwa "hapana". Nayo "hapana" ilihesabiwa kuwa malipo, kwa sababu ilikuja na uso wa mtu na sababu zake. Kilichoua kadi za mwezi wa sita kilikuwa kimya.

Basi kabla hamjatoa fomu yoyote, amueni tarehe ya kurudisha majibu. Iandikeni kwenye fomu yenyewe. Kama hamwezi kuandika tarehe hiyo, msitoe fomu.

Yako mambo mawili matatu nitayapitia haraka, saa inakwenda.

Msiwape masupavaiza zawadi kwa sababu ya alama za furaha. Nimeona ikifanyika. Supavaiza mwenye alama za juu anapata bahasha mwisho wa robo mwaka. Kilichotokea, siku moja kabla ya kujaza, soda baridi kwa kila mtu, utani mwingi, na mwenye kinyongo anapewa ruhusa ya kwenda nyumbani mapema ili asijaze. Alama zikapanda, watu wakawa vilevile. Mwanauchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, alilieleza jambo la namna hii mwaka 1975 kuhusu takwimu za fedha: kipimo ukikibana ukitumie kuongoza watu, kinaacha kukuambia kweli. Ni hivyo hivyo kwa soda.

Siri, nayo, ni ya kulindwa kwa vitendo. Kama kitengo kina watu watatu, usitoe majibu ya kitengo hicho peke yake, kwa sababu kila mtu atajua nani kasema nini. Changanya na kingine. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019: usikusanye taarifa za mtu usizozihitaji. Namba ya kazi kwenye fomu ya furaha ya nini?

Na hili la mwisho naomba mlisikie vizuri. Kuna mambo ambayo si ya kuuliza. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi likizo ya siku saba kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Inampa mama aliyejifungua siku 60 za kazi zenye malipo, na baba siku nne. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, mwajiri anatoa asilimia 10 na mfanyakazi anakatwa asilimia 5, na tangu sheria ilipobadilishwa 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kuchangia. Usimuulize mtu kama ana furaha na likizo ambayo hujampa. Usimchoree uso unaocheka huku unamkata NSSF na hupeleki. Mpe haki yake kwanza. Kuuliza kunaanza baada ya hapo.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nchi yetu haijamlinda sana mtu wa chini kwenye mshahara. Kima cha chini kilichowekwa 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Muswada wa kukibadilisha ulipita Bungeni mwaka 2019, Rais hakuutia saini. Shilingi 6,000! Leo hiyo inakupa nini sokoni? Kwa hiyo tunapokaa kupima furaha, tujue kwamba wengi wa hao tunaowapima hawana sheria ya mshahara ya kuwakinga. Wana sisi. Wana meneja aliyeketi hapa, na supavaiza aliyeketi pale. Kama sisi hatusikii, hakuna mwingine.

Sasa mnatoka kwenda kula. Pale mlangoni nimeweka makopo matatu na bakuli la mahindi, yako nyuma ya pazia. Swali ni hili: je, katika niliyosema, kuna jambo utakaloweza kulifanya kazini kwako kabla mwezi huu haujaisha? Uso unaocheka ni ndiyo, uso wa kawaida ni sijui, uso uliokunjamana ni hapana. Pembeni kuna vipande vya karatasi kwa mwenye "ila" yake. Saa nane tutahesabu hapa mbele, na nitajibu. Asanteni sana.

(Tulirudi saa nane tukahesabu. Kopo la uso unaocheka lilikuwa na punje nyingi kuliko mengine, la uso uliokunjamana nalo halikuwa tupu. Karatasi zilizonigusa zaidi zilitoka kwa watu wenye biashara ndogo. Mmoja aliandika: "Nina wasichana watatu tu dukani, kopo litanisaidia nini?" Nilimjibu pale ukumbini, na kwa waliokuwa wameondoka naandika hapa. Mama, au baba, uliyeuliza: kwa watu watatu acha kopo. Funga duka nusu saa mapema Jumamosi moja, nunua chai na chapati, wewe uondoke, waache watatu wakubaliane jambo moja wanalotaka libadilike, na wamchague wa kuja kukuambia kwa niaba ya wote. Akija, usimuulize ni nani aliyelianzisha. Mpe jibu kabla ya Jumamosi inayofuata, hata kama jibu ni hapana.)